Hogo, nusu hogo au banzi? Hapa ndipo mikono ya makipa inapopotelea

JUNI 4, 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia kuanza Afrika Kusini, Didier Drogba aligongana na beki wa Japan, Marcus Tulio Tanaka, kwenye mechi ya kirafiki iliyopigwa Uswisi. Mkono wa kulia ukavunjika karibu na kiwiko. Afrika nzima ikashika kichwa. Siku 11 baadaye jamaa akaingia uwanjani Port Elizabeth dhidi ya Ureno, mkono umefungwa, na Juni 20 akaifunga Brazil.

Picha ile haijatoka vichwani mwa watu. Mpaka leo kwenye viwanja vya mchangani, mchezaji akivunjika mkono hakosekani shabiki wa kusema: “Mbona Drogba alicheza na hogo?” Ni kweli alicheza. Kinachosahaulika ni kwamba Drogba alifanyiwa upasuaji kwanza, mfupa ukashikwa kutoka ndani. Kile kilichoonekana kwa nje kilikuwa kinga ya kuzuia mkono usigongwe tena. Hogo analofungwa kijana wa ndondo Jumapili jioni lina kazi nyingine kabisa. Hilo ndilo peke yake linaloushika mfupa usitembee.

Hapo ndipo mambo yanapochanganyika. Banzi, nusu hogo, hogo zima na kile kifundo cha kununua dukani, vyote kwa mtu wa mtaani ni “kufungwa mkono”. Lakini kila kimoja kina siku yake na aina yake ya mvunjiko, na ukikosea siku tu, hata kama umepatia kifaa, unaweza kumaliza kazi ya kipa.

KIPA ANAANGUKIA NINI?

Kipa akiruka, mwili wote unashuka na mkono ndio unaotangulia. Kiganja kinagonga ardhi, kifundo kinapinda kwa nyuma, uzito mzima unapita hapo. Mara nyingi kinachovunjika ni mfupa mkubwa wa mkono wa chini, ule wa upande wa dole gumba, kwenye ncha yake karibu na kiganja. Daktari wa Ireland, Abraham Colles, aliueleza mvunjiko huu mwaka 1814, miaka 81 kabla ya picha za X-ray kugunduliwa. Alitumia macho na vidole tu. Mkono ukivunjika hivyo na mfupa ukahama kwenda nyuma, ukiutazama kwa pembeni unafanana na uma wa kulia chakula.

Ukiwa hivyo hakuna ubishi, kila mtu anaona. Tatizo ni mkono unaovunjika bila kupinda. Unavimba kidogo, kipa anasogeza vidole, na benchi linatoa hukumu palepale: “Hujavunjika wewe, umeteguka, piga spreyi urudi.”

Kusogeza vidole hakuthibitishi chochote. Februari 2020, Son Heung-min alivunjika mkono mwanzoni mwa mechi ya Tottenham na Aston Villa. Alicheza mpaka mwisho, akafunga mabao mawili, la pili likiwa la ushindi wa 3-2 dakika za nyongeza. Baada ya hapo akapelekwa kwenye upasuaji. Kama mtu aliyevunjika anaweza kufunga mabao mawili Ligi Kuu ya England, kipa wa daraja la pili kukunja ngumi mbele ya kocha si kipimo cha kuaminika.

BANZI LA UWANJANI

Pale uwanjani kazi ni moja tu, kuuzuia mkono usitikisike mpaka hospitali. Hakuna anayetakiwa kuunyoosha. Yule mzee wa timu anayejua “kuvuta” akae pembeni, maana kwenye mfupa uliovunjika kuna mishipa ya damu na ya fahamu inayopita jirani, na kuvuta bila kujua kilichovunjika ni kubahatisha.

Vifaa vipo hata kwenye timu isiyo na daktari. Kinga ya ugoko ya mchezaji ni banzi zuri tu, ina umbo la kukumbatia mkono na ndani ina sponji. Boksi gumu lililokunjwa linafaa. Hata gazeti hili likikunjwa mara kadhaa linafanya kazi hiyo, pengine ndiyo faida yake ya mwisho baada ya kusomwa. Unaweka kitu laini kwanza, soksi safi au jezi, kisha banzi lianzie kwenye kiganja lipite kifundo lifike karibu na kiwiko, unafunga kwa bandeji bila kukaza, halafu unaning'iniza mkono shingoni kwa kitambaa. Mkono ubaki kwenye hali uliokutwa nayo.

Pete, bangili na saa vitolewe hapohapo. Baada ya saa mbili vidole vikivimba, pete hiyo itatolewa kwa msumeno. Barafu isaidie, ila iwekwe juu ya kitambaa. Kama kuna kidonda na mfupa umechungulia, hiyo ni dharura nyingine, funika kwa kitambaa safi na mwahi hospitali bila kusubiri filimbi ya mwisho.

KWA NINI NUSU HOGO KWANZA

Hospitalini ndipo lawama zinapoanza. Kijana anatoka amefungwa plasta upande mmoja tu wa mkono, juu imezungushiwa bandeji. Viongozi wa timu wanaiona wanasema wamepunjwa. “Wameweka nusu! Hospitali gani hii?” Wengine wanamhamisha siku hiyohiyo kwenda zahanati itakayomfunga hogo zima, gumu, la kuzunguka mkono wote.

Kwa kweli nusu hogo ndiyo tiba sahihi ya siku za mwanzo. Mkono uliovunjika unaendelea kuvimba kwa siku mbili tatu. Ukiuzungushia plasta ngumu pande zote siku ya kwanza, uvimbe hauna pa kwenda. Presha inapanda ndani, damu inashindwa kupita, na misuli inaanza kufa. Nusu hogo limeacha upande mmoja wa bandeji laini, mkono ukivimba bandeji inaachia kidogo, na likibana linafunguliwa kwa mkasi kwa dakika moja.

Kulitengeneza ni ufundi, na si kila aliyevaa koti jeupe anauweza. Mkono wa mtu mzima unahitaji tabaka 8 hadi 10 za plasta juu ya pamba. Plasta yenyewe ni jasi, teknolojia iliyoletwa na daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, mwanzoni mwa miaka ya 1850, na haijabadilika sana tangu hapo. Inalowekwa kwenye maji ya kawaida au ya uvuguvugu, kamwe si ya moto, kwa sababu jasi likianza kukauka lenyewe linatoa joto. Maji ya moto juu ya hilo joto yanaweza kumuunguza mgonjwa ndani ya plasta. Anayefunga anabonyeza kwa viganja, si kwa ncha za vidole, maana kila alama ya kidole inabaki kuwa kijiwe kinachokandamiza ngozi.

Kuna kipimo ambacho hata shabiki anaweza kukiangalia. Plasta iishie kwenye mistari ya kiganja, vidole vyote vikunje ngumi. Ikipita hapo na kufunika mizizi ya vidole, baada ya wiki tano kipa atakuwa na mfupa uliounga na vidole vilivyokakamaa kama vya sanamu. Na kifundo kisikunjwe sana kuelekea ndani. Zamani kilikunjwa sana ili mfupa usirudi nyuma, ila mkao huo unaubana mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo, vidole vinakufa ganzi.

Kwa mivunjiko inayotaka kuhama, baadhi ya madaktari wanatumia banzi refu lenye umbo la herufi U. Linaanzia mgongoni mwa kiganja, linapita nyuma ya kiwiko, linarudi kwa chini mpaka kiganjani. Linafanana na koleo la kuchukulia vipande vya sukari na jina lake la Kiingereza limetoka huko. Faida yake ni kwamba linazuia mkono kugeukageuka kama mtu anayefungua kitasa. Hasara yake kila aliyewahi kulivaa anaijua: kulala ni kazi, kuvaa shati ni kazi, na kiwiko kinakakamaa. Kwa mfupa uliotulia, banzi fupi la chini ya kiwiko linatosha, na hakuna sababu ya kumtesa mtu.

PICHA YA PILI NDIYO MCHEZO WENYEWE

Kama mfupa umehama, daktari anachoma ganzi kwenye mvunjiko, anauvuta na kuurudisha mahali pake, kisha anafunga. Watu wengi wanadhani mechi imeisha hapo. Bado.

Uvimbe ukishuka, plasta inalegea, na mfupa unaweza kuteleza ndani kimyakimya. Ndiyo maana mgonjwa anaambiwa arudi baada ya wiki moja au mbili kupiga picha nyingine na kubadilishiwa plasta. Huko mitaani picha hii ya pili ndiyo inayoachwa. Fedha ya timu imeisha, katibu hapokei simu, na maumivu yamepungua, kwa hiyo kijana anaona amepona. Anakaa wiki sita na nusu hogo lilelile lililolegea, likifunguliwa mkono umeunga ukiwa umepinda.

Takwimu za Uingereza zinaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliowalinganisha watu wazima 500 waliovunjika kifundo, mfupa ukahama na ukarudishwa. Nusu walifungwa plasta, nusu waliwekewa pini za chuma. Baada ya mwaka mmoja mikono ya makundi yote mawili ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Hiyo ni habari njema kwa hospitali zisizo na chumba cha upasuaji kila kona, kwamba plasta iliyofungwa vizuri haiogopi pini. Lakini kwenye kundi la plasta, asilimia 13 walilazimika kufanyiwa upasuaji ndani ya wiki sita za mwanzo kwa sababu mfupa uliteleza. Ni mtu mmoja katika kila wanane hivi. Waliokolewa kwa sababu walirudi kliniki na mtu akaangalia. Yule ambaye hakurudi hakuna plasta ya aina yoyote itakayomsaidia.

MFUPA WA KOROSHO

Kipa ana adui mwingine mdogo zaidi. Chini ya dole gumba, ukilinyoosha kwa juu, kinaonekana kishimo kati ya kano mbili. Ndani yake kuna mfupa mdogo wenye umbo la korosho, unaitwa skafoidi. Kipa akiangukia kiganja kilichofunguka, au shuti kali likimpindisha mkono kwa nyuma, korosho hii inaweza kukatika katikati.

Ubaya wake ni damu. Sehemu kubwa ya damu ya mfupa huu inaingilia upande wa mbele, wa vidoleni, kisha inarudi nyuma. Ukikatika kiunoni, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu na kufa. Ubaya wa pili ni kwamba kwenye picha ya siku ya kwanza ufa wake mara nyingine hauonekani kabisa. Mchezaji anarudi na picha “safi”, anaambiwa ni kuteguka, anafunga bandeji, Jumamosi yuko golini. Miezi kadhaa baadaye hawezi hata kujiinua kwa mikono kutoka chini, na picha inaonyesha vipande viwili visivyoungana.

Kwa hiyo kwa mfupa huu kanuni ni ya kibabe kidogo: ukibonyeza kile kishimo kikauma, mtu anafungwa banzi hata kama picha ni safi, na anarudiwa kupimwa baada ya siku 10 hadi 14. Penye MRI au CT jibu linapatikana mapema. Kumfunga banzi mtu ambaye hajavunjika kunamgharimu wiki mbili. Kumwachia aliyevunjika kunaweza kumgharimu kifundo.

Wataalamu wenyewe wamebishana miaka mingi kama dole gumba nalo lifungwe. Desturi ilikuwa kulifunga, likawa limesimama kama la mtu aliyeshika glasi. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1991 ulilinganisha njia zote mbili na haukuona tofauti katika idadi ya mifupa iliyoshindwa kuunga. Hivyo kijana akitoka hospitali dole gumba liko huru, hakuna aliyefanya uzembe.

Hoja nyingine ya viongozi wa timu ni hii: “Apigwe skurubu arudi fasta.” Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa hospitali 31 za England na Wales, watu wazima 439 waliovunjika kiuno cha skafoidi bila vipande kuachana zaidi ya milimita 2. Waliofanyiwa upasuaji mapema na waliofungwa plasta hawakuwa na tofauti ya maana baada ya mwaka mmoja. Ushauri uliotoka ni kuanza na plasta, kufuatilia kwa karibu, na ule mfupa unaoshindwa kuunga upigwe skurubu mapema bila kuchelewa. Wanasoka wa kulipwa Ulaya wanachagua upasuaji kwa sababu wiki chache kwao ni fedha nyingi. Kipa asiyelipwa hana haja ya kuiga hilo, ila ajiandae kukaa na plasta wiki 6 hadi 8, wakati mwingine mpaka 12.

FAIBA, VIFUNDO VYA DUKANI NA WATOTO

Hogo la faiba, lile la rangirangi, lina heshima yake mtaani kwa sababu linaonekana la kisasa. Ni jepesi, linakauka haraka, gumu kuliko jasi, na X-ray inapita vizuri zaidi. Lakini jasi linafinyangika vizuri zaidi kufuata umbo la mkono, na kwa mfupa uliorudishwa mahali pake kufinyanga ndiko kunakoushika. Hogo zuri la kifundo ni bapa kidogo, si la duara kama bomba la maji. Faiba inafaa baadaye, mfupa ukianza kutulia. Na kuloweshwa si ruhusa, kwani hata faiba yenyewe isipoharibika, pamba ya ndani inabaki na maji na ngozi inaoza.

Vifundo vya dukani vya kubandika na kubandua vina kazi yao pia, kwa mivunjiko iliyotulia na kwa wiki za baada ya hogo kutolewa. Shida yake ni jina lake: vinabanduliwa. Mchezaji anayevivua akienda mazoezini hajafungwa chochote.

Kwa watoto hesabu inabadilika. Mfupa wa mtoto mara nyingi haukatiki, unabonyea upande mmoja kama kopo la soda. Utafiti wa watoto 965 wa miaka 4 hadi 15 nchini Uingereza, uliotoka 2022, ulionyesha kuwa kwa mvunjiko huo bandeji laini tu inatosha. Maumivu baada ya siku tatu yalikuwa sawa na ya waliofungwa banzi gumu. Ila ni picha ndiyo inayosema kama umebonyea au umekatika, si jicho la mwalimu wa michezo. Na kwa akademi zetu: mwaka 2001 madaktari wa Uingereza walichapisha kesi za makipa watoto waliovunjika vifundo wakiokoa mashuti, wakatetea mpira uendane na umri. Hapa mtoto wa miaka tisa anadakia mpira saizi 5 uliojazwa upepo mpaka ukawa jiwe.

MABANZI YA KIENYEJI

Haisaidii kuwacheka waunga mifupa wa jadi. Familia nyingi zinaenda kwao kwa sababu wapo karibu, wanaongea vizuri na malipo yanaeleweka. Banzi la mianzi au fito zilizosukwa linashika mkono kwa kanuni ileile ya banzi la hospitali. Balaa linaanzia kwenye kukaza, na kukaza upya kila mgonjwa akilalamika kwamba kunauma. Nigeria, ambako madaktari wameandika sana juu ya jambo hili, kuna kesi nyingi za vijana waliofika hospitali na mkono mweusi, umeoza ndani ya mabanzi, na kilichobaki kilikuwa kuukata.

Dalili ni zilezile, liwe fito, jasi au faiba: maumivu yanazidi badala ya kupungua, vidole vinakufa ganzi, vinapauka au kugeuka bluu, na mtu akivinyoosha kidogo mgonjwa anapiga kelele. Hapo hakuna dawa ya maumivu wala kusubiri asubuhi. Kinachobana kifunguliwe chote, mpaka kwenye ngozi, na mgonjwa apelekwe hospitali usiku huohuo.

KURUDI GOLINI

Sheria namba 4 ya soka inaruhusu kinga laini, nyepesi na isiyo hatari, na inakataza chochote cha kumdhuru mwenye nacho au mwenzake. Hogo gumu tupu halipiti. Likifunikwa sponji vizuri, mwamuzi ndiye mwenye neno. Hata kinga ya Drogba ilileta kelele, kocha wa Ureno wakati huo, Carlos Queiroz, alilalamika baada ya mechi. Kwa mchezaji wa ndani hiyo inaweza kuwa njia. Kwa kipa haiwezekani, chombo chake cha kazi ndicho kilichofungwa.

Ndiyo maana makipa wanaficha. Januari 2013 Iker Casillas alipigwa teke kwa bahati mbaya na mwenzake Alvaro Arbeloa, akavunjika mfupa wa kiganja kwenye shina la dole gumba la kushoto. Real Madrid ikamleta Diego Lopez ndani ya siku chache, na Casillas alipopona alikuta nafasi ina mwenyewe. Kama hilo limemkuta nahodha aliyebeba Kombe la Dunia, kipa namba moja wa timu ya mkoa anajua kabisa nini kinamsubiri akisema mkono unauma. Daftari la klabu likimwandikia wiki 12 bila posho, ataendelea kudaka.

Hogo likitoka, mkono unakuwa mwembamba na mgumu. Vidole vilitakiwa kufanyishwa mazoezi tangu siku ya kwanza ndani ya plasta. Kifundo kinaanza sasa. Kocha wa makipa anayejua kazi yake anampa mpira wa tenisi wa kuminya, kisha mipira ya kurushiwa kwa mkono kutoka mita chache, kisha mashuti mepesi ya kuja kifuani, na kuruka kwenye godoro kabla ya kuruka kwenye ardhi. Mkono uliovunjika unalinganishwa na mzima: unakunjika kiasi gani, unashika kwa nguvu kiasi gani, unaweza kusukuma ukuta bila maumivu? Penalti zinakuja mwisho kabisa.